Injini Mpya ya Kiatu

Siku ya kwanza nilipomwona, alikuwa anapanda mlima kinyumenyume.

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi mbele ya gereji, nasafisha miwani yangu ya kuchomelea. Gereji yetu iko nusu ya mlima. Chini yake kuna soko na nyumba za watu, juu kabisa kuna hospitali. Nikasikia injini inalia, kuinua macho naona taa za nyuma za gari dogo zinanijia. Lilikuwa gari la zamani, la milango miwili, rangi ya maziwa, limeviringana mbele na kuinuka nyuma, hata mtaani kwao walikuwa wanaliita Kiatu. Mama mmoja mwembamba alikuwa ameligeuzia shingo dirisha la nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameuegemeza kwenye kiti cha abiria. Pembeni yake alikaa mzee mnene mwenye kofia. Yeye alikuwa anatazama bondeni, ametulia kabisa, kama vile magari yote duniani huenda hivyo.

Walipofika kwenye geti letu rejeta ikachemka, mvuke ukawafunika wote wawili.

Fundi wetu wa injini tulimwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo alilowahi kukosa maelezo yake. Akatoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Shikamoo mama. Umepotea, au gari ndiyo imesahau mbele ni wapi?"

"Marahaba. Sijapotea. Namba moja haina nguvu tukiwa wawili. Rivasi inayo."

Profesa akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli. Gari lile rivasi yake ilikuwa na nguvu kuliko gia ya kwanza. Lakini sijawahi kuona mtu aliyeligundua hilo mwenyewe na akalifanyia kazi, tena na mgonjwa ndani.

Maana mzee alikuwa mgonjwa. Alikuwa mumewe, karani wa posta aliyestaafu, na kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja miezi miwili nyuma. Tulimwomba ashuke akae kivulini. Profesa akakimbilia kumshika kwapa, mama akamzuia kwa kidole.

"Mwache. Anajua mwenyewe."

Mzee akafungua mlango. Juu ya mlango kulikuwa na mkanda wa turubai, umeshonwa mishono mitatu mitatu. Akaushika kwa mkono mzima, akautoa nje mguu mzuri, kisha akaubeba ule mbovu kwa paja la suruali kama mtu anavyobeba mzigo asiotaka uchafuke. Mguu ule haukukunja goti hata kidogo. Ulikuwa umefungwa kifaa cha plastiki toka pajani hadi kwenye unyayo, na kabla hajautoa, unyayo ulikuwa umegusa bati lililo mbele ya miguu ya abiria. Nikaliona lile. Ndilo nililoliona, na nitalirudia.

"Nipeni kiti," mzee alisema, "na maji kwanza mpeni huyo farasi."

Tukiwa tunasubiri injini ipoe mama alitueleza shida yake. Daktari alikuwa amesema goti lazima lifundishwe kukunja mapema, mara tatu kwa wiki, huko juu hospitali. Likiachwa miezi michache litakauka hivyo hivyo, na mzee hatatembea tena bila kubebwa. Wiki za mwanzo walipanda kwa teksi. Vijana wawili wakambeba mzee toka mlangoni kwake, mmoja mikono, mmoja miguu, na kwenye ngazi ya hospitali suruali ikamteremka mbele ya watu waliopanga foleni. Mzee akasema hapandi tena gari la mtu, afadhali goti likauke. Kiatu alikipanda mwenyewe, kwa sababu kilikuwa chini, mlango wake ulikuwa mpana, na ule mkanda aliushona mkewe.

"Sasa askari wa pale kwenye mzunguko kaniambia, akiniona tena napanda kinyumenyume ananyang'anya leseni," mama alisema. "Kwa hiyo nataka injini yenye nguvu. Mnaweka au hamweki?"

Profesa akaanza somo lake. Kwamba gari lile lina injini ya cc mia nane na hamsini, kwamba injini kubwa ni ndefu, kwamba nzito, kwamba giaboksi nayo lazima ibadilike, na breki, na springi za mbele.

"Nimekuuliza mnaweka au hamweki."

"Tunaweka, mama."

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na suti za wanaume, na chumba chake cha kazi kilikuwa ndicho sebule. Kiatu alikinunua akiwa bado msichana kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, akajifundisha kukiendesha kwenye kiwanja cha mpira siku za Jumapili. Mumewe hakuwahi kujifunza. Miaka ishirini na kitu mama ndiye aliyempeleka posta asubuhi na kumfuata jioni, na makarani wenzake wakimcheka, mzee aliwajibu, "Nyinyi mnaendesha, mimi naendeshwa. Nani mkubwa?" Haya alinisimulia mwenyewe mzee, siku ile ya rejeta, tukiwa tumekaa wawili kivulini.

Profesa alipata injini kwenye gari la kubebea mikate lililogongwa nyuma, mbele likiwa zima. Ilikuwa ya cc elfu moja na mia tatu. Tuliahidi siku kumi. Mama akasema atakuja kila siku baada ya saa nane, akishamlisha mumewe na kumlaza.

Siku ya pili alikuja na maboksi ya viatu, mkasi na chaki.

"Haya ya nini, mama?" Profesa akauliza.

"Pateni, kielelezo cha kukatia. Utakataje chuma hujakata karatasi?"

Kwetu sisi, kishikio cha injini tulikikata kwa macho. Unashika bati, unalinganisha, unakata, haliingii, unakata tena, ukizidisha unatupa. Yeye alikata boksi kwanza. Injini ilikuwa imening'inia kwenye mnyororo, na yeye akainama juu yake na pini mdomoni, anapachika vipande vya boksi kati ya injini na chasisi, anakunja hapa, anapunguza pale, mpaka kipande kikakaa bila kushikwa. Kisha ananipa mimi.

"Fundi, nikatie hiki kwa chuma. Usile chaki. Kata nje ya mstari."

"Hapa hatushoni gauni, mama," Profesa alisema.

"Ndiyo maana mna lundo la chuma kilichoharibika pale nyuma. Mimi kwangu kitambaa kikizidi nakata kola. Wewe kikizidi unakata nini?"

Gereji nzima ilicheka, na mwenye gereji alicheka zaidi maana chuma kile kilikuwa chake. Vishikio vile nilivikata mara moja tu, na vikaingia mara moja. Nilichomelea huku nikiona mkono wangu umetulia kuliko siku zote. Mama alikuwa na neno lake jingine, nafasi ya mshono. Kila kitu lazima kiachiwe nafasi ya mshono, kwa sababu nguo haivaliwi na sanamu, mtu anapumua. Akataka feni iachiwe nafasi mbele ya rejeta. Profesa akasema inatosha ilivyo. Tulipoiwasha mara ya kwanza injini ikatikisika, feni ikaikwangua rejeta kwa mlio uliowatoa nje hata majirani. Mama alitoa tu chaki mfukoni akampa Profesa, naye akaipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

Nafasi ya mbele ilikuwa imekwisha. Ili feni isogee, injini ilibidi irudi nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya watu ndani. Upande wa dereva ulitosha. Upande wa abiria, ekzosi na stata zilikuwa zinagonga.

"Hapa tunakata," Profesa alisema. "Tunaingiza bati ndani vidole vinne. Abiria atakunja miguu kidogo, basi."

Nilikuwa nimeshika msumeno. Nikamtazama mama. Akilini niliuona tena unyayo wa mzee, ulivyokuwa umegusa bati hilo hilo.

Mama akaingia, akakaa kwenye kiti cha abiria, akapima kwa macho. Akatoka.

"Anaenea."

"Tumlete tumpime?" mwenye gereji akauliza kwa mbali.

"Mume wangu? Nimemkatia suruali miaka thelathini na moja. Kiuno thelathini na nane, ndani ya mguu thelathini na mbili, goti ishirini na mbili. Simpimi mimi. Hata usiku na taa imezimwa naweza kumkatia." Mafundi wakaguna, akawatolea macho. "Kateni."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu: mama, lakini goti halikunji. Lakini yeye alikuwa mkewe, na mimi nilikuwa mtu wa kuchomelea niliyemwona mzee nusu saa. Nikavaa miwani, nikakata. Bati jipya nililichomelea vizuri, mshono mrefu usio na tundu. Bado naukumbuka ulivyokuwa mzuri.

Siku ya kumi Kiatu kikatoka. Profesa alikuwa amekibadilisha breki na springi. Mama akakaa peke yake, akafunga mkanda, akakipandisha mlima kwa namba mbili, mbele mbele kama magari ya watu, tukamsikia anapiga honi mpaka juu hospitali. Aliporudi miwani ilikuwa imemteremka puani na anacheka kama msichana.

"Kinavuta! Jamani, kinavuta!"

Akatualika mimi na Profesa nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tushuhudie safari ya kwanza. Miadi ilikuwa saa tatu. Tulifika na nguo safi. Sebule ilikuwa na cherehani mbili, sare za shule zimening'inia ukutani kwa ukubwa, toka ya mtoto mdogo hadi ya mtoto mkubwa, na mzee amekaa dirishani anatunga uzi kwenye sindano za mkewe kwa mkono mmoja, sindano amezichomeka kwenye kipande cha godoro mbele yake ili zisimame.

"Wataalamu!" alisema. "Nasikia farasi amekuwa treni."

Alitoka kwa mkongojo wake, hatua moja kama tatu za mtu mwingine. Akageuka, akashika mkanda, akaketi. Vizuri kabisa. Akaushika mguu mbovu kwa suruali akauinua. Kisigino kikapita, unyayo ukagonga bati. Akarudi nyuma kwenye kiti kadiri alivyoweza, akajaribu tena. Ukagonga. Kiti kilikuwa kimefika mwisho wa reli zake. Mara ya tatu akausukuma, akakunja uso, mguu ukabaki nje ya mlango, umenyooka, na kiatu chake kipya kikielekea barabarani.

"Kunja kidogo, baba," mama alisema.

"Nikunje nini?"

"Kidogo tu."

"Mama, ningekuwa nakunja, huko juu ningekuwa naenda kufanya nini?"

Profesa alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Watoto wa jirani waliokuwa wanaenda shule walisimama kutazama. Mzee akawaona.

"Umenipima lini wewe?" akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini.

"Vipimo vyako ninavyo."

"Hivyo ni vya yule aliyekuwa anakunja."

Akashika mkanda, akasimama, na safari ile ya kurudi ndani sitaki kuieleza sana. Pale mlangoni bila kugeuka alisema, "Liuze. Wewe liuze tu, tupumzike wote."

Mama alibaki amesimama kando ya gari. Injini ilikuwa inanguruma, nzima, haina kosa. Akaingiza mkono dirishani akaizima. Kisha akavua tepu ya kupimia shingoni, kwa sababu ilikuwepo siku zote hata asipoikumbuka, akaingia ndani. Sisi tulibaki kizingitini, hatujui tukae au tuondoke.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Mama akapiga magoti sakafuni mbele yake.

"Nyoosha."

"Umenyooka siku zote, huo."

"Basi ni rahisi."

Akaweka mwanzo wa tepu mgongoni kwa mzee, pale kiti kinapogusana na mtu, akaivuta juu ya paja, juu ya goti lililofungwa plastiki, hadi kwenye soli ya kiatu. Alipofika kwenye goti mkono wake ulisimama. Sidhani kama alikuwa amewahi kuligusa kwa namna ile, polepole, kuzunguka kote, kama fundi anayempima mteja ambaye hajawahi kumshonea. Akapima na upana wa kifaa. Akapima na kisigino. Akaandika kwa chaki kwenye kiganja chake.

"Inchi arobaini na nne," alisema. "Na nafasi ya mshono mbili." Akaikunja tepu. "Nisamehe, baba. Nilikukatia nguo ya mtu mwingine."

Mzee alimwekea mkono kichwani, juu ya kitambaa, akautoa haraka kwa kuwa tulikuwepo.

"Mtu mwenyewe alikuwa mzuri lakini," akasema.

Hapo ndipo niliposema, na nilisema kwa sababu kazi yenyewe niliijua. Niliwaambia bati halirudi, kwa kuwa ekzosi iko nyuma yake. Ila kiti kinaweza kurudi. Tukitoa kiti cha nyuma, mimi nikachomelea reli ndefu, mzee atakaa nyuma kidogo ya dereva na mguu utanyooka wote.

Mama alinigeukia. "Kiti cha nyuma? Watoto wangu wote wameota ndevu, hata huyo wa kike nusura. Hicho kiti kinamngoja nani? Twende."

Mzee alibaki dirishani. Akarudia sindano zake. Tulikiteremsha Kiatu hadi gereji ya rafiki yetu pale sokoni, tukaazima mashine. Mama akakata pateni ya reli kwenye boksi la sabuni, mimi nikakata chuma nje ya mstari, Profesa akafungua boliti bila hotuba hata moja. Mkanda wa turubai mama aliufumua akaushona mahali papya, mishono mitatu mitatu. Saa saba tulikuwa mlangoni kwake tena. Miadi ilikuwa imepita kitambo.

Mama hakumwita. Alifungua mlango wa abiria akauacha wazi, akakaa kwenye usukani, akawasha injini, akatazama mbele. Tulingoja. Nilihesabu sare ukutani kupitia dirishani, nikazimaliza, nikaanza tena. Ndipo mkongojo ukasikika.

Mzee alishika mkanda, akaketi, akaubeba mguu. Ukapita. Ukaingia wote, na kati ya soli na bati kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Akavuta mlango mwenyewe ukafunga. Sasa alikuwa amekaa nyuma kidogo ya bega la mkewe.

"Angalieni," akatuambia, "dereva mbele, mkubwa nyuma. Na posta hawapo kuniona."

Wakaondoka. Tulisimama katikati ya barabara mimi na Profesa tukikitazama Kiatu kinapanda mlima, uso mbele, kikapita kwenye mzunguko kwa askari, kikapita gereji yetu, hakikupungua mwendo. Profesa alikuwa anafuta macho, akasema ni moshi. Baadaye mama alitueleza kwamba yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa ameshavua koti anaondoka, mama akasimama mlangoni na kumwambia hapiti mtu hapa mpaka goti hili lifundishwe. Akalivaa tena koti.

Goti lilichukua karibu mwaka. Halikurudi lilivyokuwa. Lilikunja nusu, na nusu ile ikamtosha mzee kutembea kwa fimbo hadi barabarani na kurudi, na kukaa mezani kama watu. Mara nyingi walisimama gerejini kwetu wakitoka hospitali, mama akitaka niangalie jambo fulani, na mimi nikiangalia. Yeye na Profesa walitaniana hadi mwenye gereji anawafukuza. Mimi kila mara nilitaka kumwambia kwamba siku ile ya kukata bati nilikuwa nimeuona mguu. Kila mara palikuwa na mtu, au palikuwa na kelele, au sikuwa na moyo.

Kisha binti yao, yule wa nusura, akawaita wakaishi kwake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima. Cherehani zilitangulia na lori. Wao walikuja asubuhi na Kiatu ili Profesa aangalie oili na maji kabla ya safari. Mzee alikuwa amekaa mahali pake, miguu yote miwili imekunjwa, mmoja zaidi ya mwingine. Profesa alikwenda kutafuta kitambaa. Nikabaki na mama dirishani kwake, na geti mbele yetu limefungwa, kwa kuwa hujifunga lenyewe kwa upepo.

Nikasema. Nilisema yote kwa mkupuo, huku nikitazama tairi: kwamba siku ya kwanza mzee aliposhuka niliona unyayo umegusa bati, nikajua vidole vinne haviwezekani, na nikakata.

Mama alikuwa ameshika gia. Alimtazama mzee kwenye kioo kidogo cha ndani, naye mzee alikuwa anajifunga mkanda wa kiti. Kisha akateremsha miwani akanitazama.

"Hata mimi nilikuwa nimeuona, fundi, na nikasema kateni. Haya, tufungulie geti, njia ni ndefu."